Shankly, mchimba makaa aliyemjua shabiki

Wiki hii siasa za kaunti tuziweke kando kidogo, zitatungoja tu. Nataka nikusimulie habari za mtu mmoja aliyefariki mwaka 1981, Mskoti, mtoto wa kijiji cha wachimba makaa ya mawe. Sura yake huenda huijui, lakini jina lake hutajwa kila wanapokusanyika watu wa Liverpool. Mtu huyo ni Bill Shankly.

Kwa nini yeye, na kwa nini sasa? Huku Gataka, Kajiado, ninakoishi kwa ajili ya riziki, sisi watu wa Pwani si wengi, ila jioni ya Jumamosi hujikuta pamoja kwenye banda la kuonyesha mpira. Mechi nyingi mtaani zaonyeshwa kwenye baa, nasi tukatafuta pahali petu pa chai. Mechi ikianza saa kumi na mbili jioni hugongana na Magharibi, kwa hiyo wengi wetu kipindi cha kwanza hukipata nusu. Hilo halijapata kutusumbua. Lililotusumbua ni matokeo. Liverpool ilichukua ubingwa wa Uingereza mwaka 2025, wa 20 katika historia yake, na msimu uliofuata ikaanza kuyumba kama jahazi lililokatika tanga. Mwezi Novemba mwaka huo huo, ndani ya wiki moja na pale pale nyumbani Anfield, ilifungwa 3-0 na Nottingham Forest na 4-1 na PSV ya Uholanzi.

Banda liligawanyika. Kuna waliotaka kocha afukuzwe kabla ya isha. Kuna waliohamia timu nyingine bila hata aibu. Na kuna vijana ambao uchungu wao, nikichunguza vizuri, haukuwa wa timu kabisa. Ulikuwa wa mkeka wa kubeti uliochanika. Mimi hili la kamari nimelisema sana kwenye safu hii na sitachoka. Mtu aliyeweka pesa ya kodi ya nyumba kwenye mechi si shabiki, ni mdai, na mdai hana subira. Basi nikaona nimrejelee mzee huyu, aliyeipokea timu ikiwa chini kabisa, akaanza kwa kufungwa, na akaishi miaka 15 na mashabiki wake kwa raha na kwa dhiki.

Alizaliwa tarehe 2 Septemba 1913 katika kijiji cha Glenbuck, jimbo la Ayrshire, Uskoti. Walikuwa watoto kumi nyumbani, wavulana watano na wasichana watano, naye alikuwa wa tisa. Kijiji kilikuwa kidogo, kisichofika mbali na watu elfu moja, lakini kilitoa wachezaji wa kulipwa karibu 50 kwa muda wa miaka kama hamsini. Ndugu wa kiume wote watano wa nyumba hiyo walicheza mpira wa kulipwa. Hakukuwa na siri kubwa. Kulikuwa na mgodi na kulikuwa na uwanja, na aliyetaka kutoka mgodini alitokea uwanjani.

Bill aliacha shule akiwa na miaka 14 akaingia kazi ya makaa. Alifanya kazi hiyo kama miaka miwili hivi, mgodi ukafungwa, akakaa bila kazi. Hapo ndipo alipojifunza jambo ambalo baadaye alilifanya kuwa msimamo wake wa maisha: chini ya ardhi, mtu mmoja akizembea, mwenzake hufa. Alikuwa mjamaa, kwa maana ile ile tunayoijua sisi kwa jirani zetu Tanzania, kwamba watu wafanye kazi pamoja kila mmoja kwa ajili ya mwenzake, na matunda wagawane. Hakujifunza hayo vitabuni. Pia, kwa taarifa ya wale wanaodhani mpira na ulevi ni ndugu, hakuwa mtu wa pombe.

Mwaka 1932 Carlisle United walimchukua, na mwaka uliofuata akahamia Preston North End. Huko alicheza kiungo wa kulia, mkabaji asiyechoka. Alifika fainali ya Kombe la FA mwaka 1937 wakafungwa na Sunderland, akarudi mwaka 1938 wakaifunga Huddersfield 1-0 kwa penalti ya dakika ya mwisho ya muda wa nyongeza. Akaichezea Uskoti. Kisha Vita Vikuu vya Pili vikamla miaka yake mizuri, kama vilivyowala wengi, akavitumikia katika jeshi la anga. Huko ndiko alikokutana na Nessie, wakaoana mwaka 1944, na mama huyo ndiye aliyekaa naye hadi mwisho.

Ukocha aliuanzia chini. Carlisle, Grimsby, Workington, Huddersfield: timu za miji baridi, zisizo na pesa, ambazo wenye timu walitaka ushindi lakini hawakutaka kutoa senti. Mwaka 1951 Liverpool wenyewe walimwita kwa mahojiano. Akagundua kwamba pale, wakurugenzi ndio waliokuwa na neno la mwisho juu ya nani acheze. Hakuipata kazi hiyo, wala hakuililia. Sisi tunaojua jinsi viongozi wa vilabu vyetu wanavyoingilia kikosi tunaelewa kabisa alichokikwepa.

Sasa sikiliza hali ya Liverpool alipoitwa mara ya pili. Timu ilishuka daraja mwaka 1954 ikiwa ya mkia. Ikakaa daraja la pili mwaka baada ya mwaka, ikikaribia kupanda na kukosa. Januari 1959 ilitolewa kwenye Kombe la FA na Worcester City, timu isiyokuwa hata kwenye ligi kuu za kulipwa. Uwanja wa Anfield ulikuwa umechakaa, na kule Melwood, kwenye mazoezi, ilikuwa majani na vichaka. Lakini kila wiki watu walijaa. Wafanyakazi wa bandari, mabaharia, wafanyakazi wa viwanda, walisimama kwenye lile jukwaa la nyuma ya goli liitwalo Kop, wakiimba kwa timu ya daraja la pili. Shankly aliliona hilo kabla ya kuona kitu kingine chochote. Timu haikuwa na kitu, ila ilikuwa na watu.

Alianza kazi Desemba 1959. Mechi yake ya kwanza, nyumbani, dhidi ya Cardiff City, alifungwa 4-0.

Hebu tulia hapo kidogo. Lau ingekuwa ni leo, na ni kwetu, simu zingewaka usiku kucha. Mtu angetengeneza picha za kejeli, na asubuhi kungekuwa na maandamano. Yeye aliingia kazini Jumatatu. Akawabakisha wasaidizi aliowakuta, Bob Paisley, Reuben Bennett na Joe Fagan, jambo ambalo makocha wengi hawalifanyi kwa hofu ya fitina. Akatengeneza uwanja. Akawaondoa wachezaji 24 kidogo kidogo. Mazoezi akayafanya ya mpira mtupu, timu ndogo ndogo za watu watano watano, pasi na kukimbia kwenye nafasi. Wachezaji walivalia Anfield, wakapanda basi hadi Melwood, na baada ya mazoezi wakarudi pamoja Anfield kuoga na kula. Wengine walicheka utaratibu huo, lakini ulikuwa na maana: mwili ulipoa taratibu kabla ya kuoga, na watu walizoeana.

Haikuwa njia nyoofu. Mwaka 1960 walimaliza wa tatu, na wanaopanda ni wawili. Mwaka 1961 wakamaliza wa tatu tena. Fikiria uchungu huo, msomaji. Mwaka huo wakurugenzi walikubali hatimaye kufungua mkoba, akawaleta Ian St John kutoka Motherwell na Ron Yeats kutoka Dundee United, mmoja wa kufunga na mmoja wa kuzuia, jitu la mtu. Mwaka 1962 Liverpool ikapanda ikiwa bingwa wa daraja la pili, na Roger Hunt akafunga mabao 41 ya ligi.

Msimu wa 1963/64 ndio ningependa wenzangu wa banda la Gataka waujue kwa moyo. Liverpool ilicheza mechi tatu za kwanza za nyumbani, ikafungwa zote tatu. Tatu! Msimu huo ukaisha Liverpool ikiwa bingwa wa Uingereza.

Kisha ukaja mwaka 1965. Klabu ilikuwa imeishi zaidi ya miaka 70 bila kuligusa Kombe la FA, na watu wa Liverpool walitaniwa kwa hilo kama sisi tunavyotaniwa leo. Tarehe 1 Mei, Wembley, dhidi ya Leeds, beki Gerry Byrne alivunjika mtulinga mapema sana. Siku hizo hakukuwa na mchezaji wa akiba. Akacheza dakika zote 120 na mfupa umevunjika, na akatoa pasi ya bao la kwanza. Likaisha 2-1. Siku tatu baadaye Inter Milan wakapigwa 3-1 pale Anfield, na wiki iliyofuata wakalipiza 3-0 kwao. Panda shuka hiyo hiyo.

Mwaka huo wa 1965 una jambo letu pia, na vijana wengi hawalijui. Ndio mwaka ambao Feisal ya Mombasa ilitwaa ubingwa wa ligi ya Kenya. Wakati huo Mombasa ilikuwa hata na timu yake iliyoitwa Liverpool, ikicheza ligi ya taifa. Bandari kwa bandari, jina lilivuka bahari. Tangu Feisal, ubingwa haujarudi Pwani. Bandari imefika wa pili mara mbili mfululizo, mwaka 2018 na msimu wa 2018/19, na imechukua kombe la shirikisho mwaka 2015 na 2019. Hizo si timu za kuonea haya. Lakini niulize: siku Bandari inapokuja Nairobi kucheza, ni wangapi kati yetu tunaolia kwa ajili ya Anfield hutoka Gataka kwenda kuishangilia? Nauli ya kwenda na kurudi haifiki bei ya jezi ya Salah, hata ile ya kuigiza.

Turudi kwa mzee. Mwaka 1966 akachukua ligi tena, akitumia wachezaji 14 tu msimu mzima. Halafu kukauka. Miaka saba bila kombe. Ajax iliwapiga 5-1 Desemba 1966 ndani ya ukungu. Februari 1970 wakatolewa kwenye Kombe la FA na Watford, 1-0, na hapo Shankly akakubali jambo zito: wanaume aliowapenda, waliompa makombe, walikuwa wamezeeka. Hakuwa mjuzi wa kuwaambia. Wengine waligundua wameachwa kwa kutolona jina lao kwenye orodha tu, na wakakaa na kinyongo miaka mingi. Nalitaja hili kwa sababu wasifu wa sifa tupu si wasifu. Alikuwa mkali hata kwa majeruhi, akimpita mchezaji aliyeumia kana kwamba hamuoni, kwa kuwa hakujua la kufanya na mtu asiyeweza kucheza.

Mwaka 1971 akaifikisha timu mpya ya vijana fainali ya Kombe la FA, wakafungwa na Arsenal 2-1 kwenye muda wa nyongeza. Walirudi mjini mikono mitupu. Na mji ukatoka. Umati ulijaa mbele ya ukumbi wa St George's kuipokea timu iliyoshindwa, kama kwamba imekuja na kombe. Shankly akasimama mbele yao, akanyanyua mikono, kelele zikanyamaza, akawaeleza kwamba yeye amewafundisha wachezaji siku zote kuwa bahati yao ni kuwachezea watu hawa, na kama hawakuamini, sasa wameona. Mimi nimeitazama picha ya siku ile mara nyingi. Hakuna kombe hata moja ndani yake.

Msimu uliofuata walikosa ligi kwa pointi moja. Mwaka 1973 wakaipata, pamoja na Kombe la UEFA, wakiwa na kijana Kevin Keegan aliyenunuliwa kwa pesa kidogo kutoka Scunthorpe. Siku ya kukabidhiwa ligi, Shankly alizunguka uwanja kuwashukuru watu. Shabiki akamrushia skafu. Ikaanguka chini, na askari polisi akaisukuma kwa mguu. Shankly akasimama, akaiokota, akaivaa shingoni, na akamweleza yule askari kwamba kitambaa kile huenda ndicho uhai wa mtu. Sekunde chache tu. Lakini watu wa Liverpool waliokuwepo waliwasimulia watoto wao jambo lile kuliko mabao mengi ya mwaka huo.

Nyumbani kwake palikuwa nyumba ya kawaida eneo la West Derby, karibu na uwanja wa mazoezi wa Everton, mahasimu wao. Hakuhama. Kila asubuhi aliketi na taipureta yake akijibu barua za mashabiki, moja moja, mwenyewe. Wengine aliwatafutia tikiti. Watoto walibisha hodi, akatoka kucheza nao mpira. Hakuona kuwa anawafanyia hisani. Aliamini mtu aliyefanya kazi wiki nzima gatini na kulipa kiingilio anadai kitu, na anachodai si ushindi peke yake. Anadai kwamba waliovaa jezi wasimdanganye.

Mei 1974 wakaishinda Newcastle 3-0 fainali ya Kombe la FA. Baada ya mechi vijana wawili waliingia uwanjani, wakapiga magoti, wakambusu viatu. Hapo sisi tungesema astaghfirullah, na nadhani hata yeye aliona haya. Tarehe 12 Julai akatangaza kuacha kazi. Alikuwa na miaka 60. Mji haukuamini. Waandishi waliowahoji watu barabarani walikuta wengine wakidhani wanatiwa masihara.

Yaliyofuata ndiyo yanayonihuzunisha. Mzee alizoea mpira kama mvuvi alivyozoea maji. Akawa anakwenda Melwood asubuhi kufanya mazoezi, na wachezaji kwa mazoea wakaendelea kumwita bosi, hali bosi sasa ni Paisley. Ikawa tabu. Akaeleweshwa kwamba asije tena, na milango aliyoifungua yeye ikaanza kuwa mizito kwake. Viongozi hawakumpa cheo, wala nafasi kwenye bodi. Aliokuwa akiwatania miaka yote, Everton, ndio waliomkaribisha vizuri kwao. Klabu ikaendelea na Paisley, ikachukua ligi sita na Kombe la Ulaya mara tatu, na mwenye kuweka msingi akiwa nje anatazama. Watu wengi wazima wa Pwani waliojenga vilabu vyetu wanaifahamu hali hiyo bila kuhitaji kuelezwa na mimi.

Nani hakumwacha? Mashabiki. Novemba 1975 alikwenda Kop, si kwenye viti vya wageni, akasimama katikati ya watu, kama mtu aliyelipa kiingilio chake. Walimpokea kwa kuimba jina lake.

Alifariki tarehe 29 Septemba 1981 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 68. Mwili wake ulichomwa, kama desturi ya wengi kule, na majivu yakamwagwa Anfield upande wa Kop. Mwaka uliofuata klabu ikafungua lango lenye jina lake, na mwaka 1997 ikasimamisha sanamu yake: mikono imekunjuliwa, skafu shingoni. Glenbuck alikozaliwa imebaki jina tu na jiwe la ukumbusho, kijiki chenyewe kilihamwa. Zile barua alizopiga taipureta zingali mikononi mwa watu. Mara moja moja mojawapo huuzwa mnadani, lakini nyingi wenyewe hawauzi.